Nilibonyeza D

Nilifuta kazi ya siku nzima ya mwenzangu kwa kubonyeza herufi moja, na kesho yake aliponiuliza kama nimeligusa faili lake, nikamjibu kwamba sijaligusa. Hayo ndiyo maungamo yangu. Nayaandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya kusimamia seva, kwa sababu kosa la kwanza linaweza kumpata yeyote kati yao wiki hii, na la pili hufuata upesi sana, kabla mtu hajajipa nafasi ya kufikiri.

Chuo nilichokuwa nikifanyia kazi, hapa hapa Tanzania, kilikuwa na seva moja iliyogawa anwani za mtandao kwa kompyuta zote za maabara. Kila kompyuta ilikuwa na mstari wake katika faili moja la mipangilio: jina la mashine, namba ya kadi yake ya mtandao, na anwani itakayopewa. Namba ya kadi ya mtandao ina tarakimu na herufi 12, na ukikosea moja tu, mashine haitambuliki. Mwenzangu, binti ambaye hakuwa na muda mrefu tangu aajiriwe, alipewa kazi ya kuziingiza mashine mpya. Alizunguka chumba hadi chumba na kompyuta yake ya mkononi, akapiga magoti nyuma ya meza, akasoma namba zilizo kwenye vibandiko na kuziandika moja kwa moja ndani ya faili lililoko kwenye seva. Hakuandika popote pengine. Alikuwa akitumia Vim, kihariri cha maandishi kinachofanya kazi ndani ya terminali, kisicho na menyu za kubofya. Kila kitu ni kibodi.

Alasiri umeme ukakatika. Seva ilikuwa na betri ya akiba, ikaendelea kufanya kazi. Kompyuta yake nayo ilikuwa na chaji. Kilichozimika ni kifaa cha ukutani kinachorusha wifi, na kilipozimika, mawasiliano kati yake na seva yakakatika. Dirisha lake likaganda. Alifunga kompyuta akaenda nyumbani bila wasiwasi, kwa sababu alijua jambo ambalo mimi, niliyekuwa mkubwa wake kazini, nilikuwa nimelipuuza kwa miaka: Vim haipotezi kazi ya mtu kirahisi hivyo.

Hapa sina budi kueleza kidogo jinsi vihariri hivi vinavyofanya kazi, maana kosa langu limejificha humo. Ukifungua faili, kunakuwa na vitu vitatu ambavyo jicho huviona kama kimoja. Kuna faili lenyewe, lililotulia kwenye diski. Kuna nakala iliyopakiwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na hiyo ndiyo unayoihariri. Kisha kuna picha iliyoko kwenye kioo. Neno unaloandika linaingia kwenye kumbukumbu, na picha inarekebishwa ili ilingane nayo. Diski haina habari yoyote mpaka utoe amri ya kuhifadhi.

Hata hiyo picha ya kioo si ya kuaminiwa moja kwa moja, na jambo hilo lina historia yake. Mnamo 1976 Bill Joy, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alianza kuandika programu iliyozaa kihariri cha vi, ambacho Vim imerithi amri zake. Alifanya kazi kupitia modemu ya baud 300, yaani takriban herufi 30 kwa sekunde. Kioo chenye mistari 24, kila mstari nafasi 80, kina nafasi 1,920. Kukichora chote upya kwa kasi hiyo kunazidi dakika nzima, na hakuna awezaye kuandika huku akisubiri dakika kila anapobadilisha neno. Kwa hiyo kihariri hujiwekea kumbukumbu ya kile kinachoamini kipo kwenye kioo, hukilinganisha na kile kinachotakiwa kiwepo, kisha hutuma tofauti peke yake. Vihariri vya terminali vinafanya hivyo hadi leo. Ndiyo maana ujumbe wa mfumo ukidondokea katikati ya kioo, maandishi yanavurugika na mistari inapandana, huku kihariri kikiendelea kuamini kwamba picha yake ni safi. Anayeanza hudhani faili limeharibika. Faili ni zima kabisa. Inatosha kubonyeza Ctrl-L, na kihariri kinachora kioo upya kutoka kwenye kumbukumbu.

Mimi sikujifunza hayo. Nilijifunza amri chache za kunivusha, nikaanza kazi. Nilikuwa nimetoka kwenye programu za ofisini, ambako Ctrl-S maana yake ni kuhifadhi, na vidole vyangu viliendelea na mazoea hayo hata ndani ya terminali. Katika terminali Ctrl-S ina kazi nyingine. Ni alama ya 19 katika jedwali la ASCII, na tangu enzi za mashine za teleprinta imetumika kuuambia upande wa pili usimame, usitume kitu. Alama ya 17, Ctrl-Q, ndiyo inayoruhusu uendelee. Kwenye Vim niliyokuwa nikiitumia miaka hiyo, ukibonyeza Ctrl-S kioo kiliganda papo hapo. Programu ilikuwa hai, vitufe ulivyobonyeza baada ya hapo vilipokelewa kama kawaida, ila picha haikusogea. Kubonyeza Ctrl-Q kungenirudishia kila kitu.

Badala yake nilikuwa nikidhani programu imekufa. Nilifunga dirisha, nikafungua jingine, nikaanza upya. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nililiona kuwa sehemu ya kawaida ya kazi.

Kila nilipofunga dirisha namna ile, Vim ilikuwa ikifanya jambo la uungwana bila mimi kulijua. Kihariri hiki huweka pembeni ya kila faili linalohaririwa faili jingine la akiba, ambalo jina lake huanza na nukta na kuishia na herufi swp, kwa hiyo halionekani ukiorodhesha mafaili kwa amri ya kawaida. Humo ndimo yanamoandikwa mabadiliko ambayo bado hayajahifadhiwa. Kwa mipangilio yake ya asili, Vim huandika humo baada ya kila herufi 200, au ukitulia bila kuandika kwa sekunde 4. Mawasiliano yakikatika au dirisha likifungwa ghafla, mfumo huiarifu programu kwamba terminali yake haipo tena, na Vim, kabla ya kufa, humalizia kuandika akiba hiyo. Faili la swp linabaki kwenye diski likimsubiri mwenyewe arudi.

Ukifungua tena faili lile, Vim inakusimamisha. Inatoa ujumbe mrefu wenye namba E325, kwa Kiingereza. Kwanza inataja jina la faili la akiba na mmiliki wake. Kisha tarehe na saa lilipoandikwa mara ya mwisho. Kisha kuna mstari mmoja mfupi unaosema kama ndani yake kuna mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, ndiyo au hapana. Kisha jina la mtumiaji, jina la mashine, na namba ya programu iliyolifungua. Chini yake kuna maelezo ya mambo mawili yanayoweza kuwa yametokea: ama kuna mtu mwingine analihariri faili hilo sasa hivi, ama kazi iliyotangulia ilikatika. Mwishoni kabisa zinakuja herufi za kuchagua: O kufungua kwa kusoma tu, E kuhariri hivyo hivyo, R kufufua, D kufuta faili la akiba, Q kuacha, A kusitisha yote. Kama programu iliyolifungua bado iko hai, Vim haitoi kabisa nafasi ya D. Walioandika programu hii waliifikiria hatari hiyo.

Wakati huo nilikuwa sisomi chochote katika hayo. Kwa kuwa madirisha niliyoyafunga ovyo yalikuwa yameacha mafaili ya swp kila mahali, ujumbe wa E325 ulikuwa ukinitokea mara kwa mara, na kila mara ulihusu kazi yangu mwenyewe ambayo nilikwisha kuiandika upya. Nikauzoea kama mtu anavyozoea kengele ya jirani. Kioo kikijaa maandishi yale, kidole kilikwenda kwenye D chenyewe.

Jioni ile, umeme ulipokwisha kurudi, nilikumbuka kuna mstari mmoja katika lile faili la maabara uliohitaji kurekebishwa. Nikaingia kwenye seva, nikalifungua. Ujumbe ukaja. Nikabonyeza D. Nilichokiona baada ya hapo ni faili la asubuhi, kama lilivyokuwa kwenye diski kabla binti yule hajaanza kuzunguka vyumba. Kwangu lilionekana kamili, kwa sababu sikujua lilipaswa kuwa na nini. Nikarekebisha mstari wangu, nikahifadhi, nikatoka.

Tarehe ilikuwepo kwenye ujumbe ule, ya siku ile ile, ya alasiri. Neno la kusema kwamba kuna mabadiliko lilikuwepo pia. Sina mashaka na hilo, kwa sababu Vim huyaandika hayo kila mara. Jina la mtumiaji tu ndilo lisingenisaidia, maana sote wawili tulikuwa tukiingia kwa akaunti moja ya msimamizi mkuu. Hilo nalo lilikuwa kosa langu. Mimi ndiye niliyeona ni usumbufu kumfungulia kila mtu akaunti yake.

Asubuhi binti yule alikuja, akaamuru Vim ifufue kazi yake, na Vim ikamjibu kwamba hakuna faili la akiba. Akanijia mezani.

“Kaka, jana uliligusa lile faili la maabara?”

Nilielewa pale pale. Niliikumbuka jioni, nikaukumbuka ujumbe, nikaikumbuka D. Nikasema, “Hapana, sijaligusa.”

“Mbona saa yake inaonyesha limehifadhiwa jana usiku? Mimi saa hizo nilikuwa nyumbani.”

Nikamwambia saa ya seva ile haiaminiki.

Hakubisha. Alirudi kwenye vyumba na kuanza kupiga magoti tena. Maabara iliyotakiwa kufunguliwa siku hiyo haikufunguliwa. Kwenye kikao cha idara mkuu wetu alimwambia mbele ya watu kwamba mtu asiyejua kuhifadhi kazi yake hafai kuachiwa seva, na akaondolewa ruhusa ya kuingia. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka alipokaa binti yule. Sikufungua mdomo.

Kuna jambo jingine linalouzidisha uzito wa ukimya wangu, nalo ni la kiufundi. Faili likifutwa kwenye diski, mara nyingi kinachofutika kwanza ni jina lake na kumbukumbu ya mahali lilipo. Maandishi yenyewe huweza kubaki pale pale mpaka sehemu ile iandikwe kitu kingine. Nilikuwa naifahamu njia ya kusimamisha uandishi wote kwenye diski na kuisaka moja kwa moja, kutafuta kipande cha maandishi unachokijua, kwa mfano mianzo ya namba za kadi. Si njia ya uhakika. Lakini asubuhi ile ilikuwepo, na ilihitaji mtu aseme upesi, kwa sababu kila saa inayopita seva huandika kumbukumbu zake juu ya nafasi zilizoachwa wazi. Kuipendekeza kungekuwa ni kukiri kwamba najua faili la akiba lilikuwepo na limefutwa. Kwa hiyo nikaiacha seva iendelee kuandika.

Muda mrefu ulipita. Alipopata kazi mahali pengine na kuja kuniaga, nilimwomba akae, nikamweleza yote: ujumbe, D, saa ya seva. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kaka, saa ya seva ilikuwa sahihi. Niliikagua siku ile ile.”

Alikuwa ameijua kweli wakati wote. Alinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa wake, na neno la mgeni dhidi ya neno la mwenyeji lisingesimama. Nilikwenda kwa mkuu wa idara siku hiyo hiyo nikamweleza, naye akaandika barua ya kusahihisha yaliyosemwa kikaoni. Barua ile haikumrudishia kipindi alichokaa bila ruhusa, akiwaangalia waliokuja baada yake wakifundishwa kazi aliyokuwa akiiweza kuliko mimi.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa kuusoma mwongozo wa Vim, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kukabidhiwa seva yoyote. Humo nikakuta kitu kingine nilichokuwa nikikiruka kila siku. Ukifungua Vim bila kutaja faili, kwenye kioo hutokea maneno machache ya utangulizi, na mojawapo ni ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Nilikuwa nimeyaona maneno hayo tangu siku ya kwanza bila kuyasoma. Ukiandika :help uganda unapata maelezo. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim na kuitoa kwa umma mwaka 1991, alikwenda mwaka 1994 kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wetu, katika kituo cha watoto ambao wengi walikuwa wameachwa yatima na ukimwi. Programu yake aliitoa bure, akawaomba wanaonufaika nayo wakichangie kituo hicho. Aliendelea kuisimamia mpaka alipofariki Agosti 2023. Mtu huyo aliweka kwenye kioo changu onyo la kuilinda kazi ya mwenzangu, na pia habari za watoto wa jirani zangu. Yote mawili niliyaona kuwa ni maandishi yanayonizibia njia.

Siku hizi nafanya kazi kwa namna nyingine, na walio chini yangu nawafundisha hivyo. Kila mtu ana akaunti yake kwenye seva, ili jina litakalotokea kwenye ujumbe liwe jina la mtu. Kazi ndefu tunazifanya ndani ya tmux, ambayo hubaki hai kwenye seva hata mawasiliano yakikatika, na ukirudi unakuta kihariri kikiwa wazi pale pale ulipokiacha. Mafaili ya mipangilio yanatunzwa kwa Git, kwa hiyo toleo la jana halitegemei kumbukumbu ya mtu. Kioo kikiganda, tunajaribu Ctrl-Q kabla ya kufunga dirisha. Kikivurugika, Ctrl-L. Na E325 ikitokea, mkono unatoka kwenye kibodi mpaka ujumbe usomwe wote. Tunachagua R, tunahifadhi kilichofufuliwa kwa jina jingine, tunakilinganisha na faili la asili mstari kwa mstari, na faili la akiba linafutwa mwisho kabisa, baada ya mwenye kazi kuridhika.

Kwako wewe unayeanza: ujumbe ule ukikutokea, soma tarehe, soma mstari wa mabadiliko, kisha inuka ukamuulize mwenzako. Na kama umekwisha kufuta, usiende nyumbani. Mpigie simu jioni hiyo hiyo umwambie, “Ni mimi niliyefuta,” kwa sababu saa ile pengine kazi yake bado iko kwenye diski na inaweza kupatikana, na jina lake bado halijachafuka.